Helikopta na Mizani ya Mahindi

Mwanzoni mwa mwaka wa 1984, mvua zilipokataa kabisa kunyesha Ganze, polisi walileta helikopta moja Malindi. Kazi yake ilikuwa kusaidia wakati wa njaa: kupeleka maofisa kukagua ulinzi wa mahindi ya msaada, kubeba dawa, na kuchukua wagonjwa waliozidiwa. Pamoja nayo walikuja watu wawili. Rubani alikuwa Inspekta Laban, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye mikono mitulivu na tabasamu la kumridhisha kila mtu. Fundi alikuwa Sajini Gerishom, mtu wa Maragoli, miaka arubaini na mitatu, mfupi wa kifua kipana, mwenye sauti ya mikwaruzo ambayo wenzake walisema imeharibiwa na injini. Yeye alisema imeharibiwa na watu.

Maana watu hawakusikia. Gerishom aliwaambia wasiisogelee helikopta kutoka nyuma, kwa sababu lile pangaboi dogo la mkiani likizunguka halionekani, na wao wakaja kutoka nyuma, tena wakikimbia. Aliwaambia wavue kofia, wakazishika kwa mkono mmoja na kuinua mwingine juu kana kwamba wanataka kupima kama pangaboi kubwa linafika. Aliwaambia mizigo ipimwe. Hapo ndipo walipomcheka. Wiki moja mkubwa fulani alirudi na kapu la samaki na sanduku la soda, wiki nyingine mwingine akaja na godoro. Helikopta ile ilikuwa na viti vitano, cha rubani kikiwamo, lakini kwa macho yao ilikuwa lori lililojaliwa kuruka.

Aliandika barua. Tano, zote kwa Mrakibu Simeon, ofisa aliyesimamia shughuli hiyo yote. Nne hazikujibiwa. Ya tano ilirudi na kosa moja la tahajia limezungushiwa wino mwekundu, na chini yake neno moja tu: Imeonekana.

"Imeonekana!" Gerishom alimwambia Laban, akiitikisa ile karatasi. "Nyota nazo zinaonekana. Kuonekana kunasaidia nini?"

"Pole pole, mzee," Laban alisema. "Mkubwa ni mkubwa."

"Wewe ndiye rubani. Ukisema hairuki, hairuki."

Laban alitabasamu na kuangalia pembeni. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Angani alikuwa hodari, lakini chini, mbele ya mtu mwenye cheo, neno "hapana" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja ya mwezi wa kumi Mrakibu Simeon alitaka kwenda kukagua ghala la mahindi katika shule moja ya msingi huko ndani Ganze. Siku iliyotangulia Gerishom alikaa kwenye redio nusu saa nzima akizungumza na askari wa utawala waliokuwa wakililinda ghala hilo.

"Uwanja ufungwe kamba," alisema. "Watu wakae nyuma ya kamba mpaka pangaboi lisimame. Umenisikia?"

"Nimekusikia, afande."

"Rudia nilivyosema."

"Uwanja ufungwe kamba."

"Na watu?"

"Watu pia wafungwe, afande?"

Gerishom alikiweka chini kile chombo cha redio, akapumua, akakichukua tena, akaanza upya.

Asubuhi Mrakibu alifika uwanjani Malindi amechelewa kwa karibu saa nne nzima. Gerishom alikuwa amepanga waondoke saa moja, kabla jua halijakolea, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi na helikopta hupoteza nguvu ndani yake. Sasa ilikuwa inakaribia saa tano. Mrakibu alikuwa mtu mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa na desturi ya kuongea huku akitazama saa yake, kana kwamba wengine ndio waliomchelewesha. Nyuma yake alikuja bwana mnene mwenye miwani ya jua.

"Huyu ni shemeji yangu," Mrakibu alisema. "Ametoka Nairobi. Anataka kuona nchi."

"Afande, hii ni safari ya kikazi," Gerishom alisema.

"Naye anakuja kikazi. Kazi yake ni kuona."

Shemeji alicheka sana. Laban alitabasamu. Gerishom alipanda nyuma, akafunga mkanda wake, akaukagua wa shemeji, akaukuta haujafungwa.

Walipofika juu ya ile shule, hakukuwa na kamba. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa watu, wanawake wenye magunia matupu kichwani, wazee, watoto wa shule wakirukaruka. Walidhani ndege inaleta chakula. Askari wawili wa utawala walikuwa wamesimama katikati, wakiwapungia mkono kwa furaha.

Laban alizunguka mara moja, kisha mara ya pili.

"Mbona hushuki?" Mrakibu aliuliza.

"Kuna watu, afande."

"Wataondoka ukishuka. Watu si mawe."

"Usishuke," Gerishom alisema kwenye kipaza sauti chake. "Tafuta pengine. Kuna shamba tupu pale ng'ambo ya barabara."

"Mimi sikuja kutembea shambani," Mrakibu alisema. "Shuka."

Laban akashuka. Vumbi jekundu liliinuka kama ukuta, likaufunika uwanja, shule, na watu wote. Bati moja la paa la jiko la shule lilinyanyuka, likapiga kelele, likalala tena. Gerishom hakungoja. Mara tu vyuma vya kusimamia vilipogusa ardhi aliruka nje, akakimbia hadi nyuma, akasimama karibu na mkia mikono ameitanua kama kipa golini. Hakuona kitu. Alipaza sauti mpaka koo likauma: "Rudini! Huku nyuma rudini!"

Kutoka kwenye vumbi akatokea mwanamke mmoja mzee akikimbia, kichwa ameinamisha, leso ameishika mdomoni. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye lile pangaboi dogo. Zilibaki hatua nne, pengine tatu. Gerishom alimrukia, wakaanguka wote wawili, wakabingirika kwenye mchanga.

"Una wazimu?" Gerishom alimfokea. "Unataka kukatwakatwa?"

Mwanamke yule alimtazama, uso umejaa vumbi, wala hakuonyesha kuogopa. "Baba, mkaza mwanangu anafwa," alisema. "Nisaidia. Anafwa hiko zahanati."

Jina lake lilikuwa Kadzo. Mke wa mwanawe, Kache, alikuwa kwenye zahanati iliyo upande wa pili wa uwanja. Gerishom alimwinua, akamshika mkono mpaka injini ilipozimwa na pangaboi likasimama, ndipo akamwachia. Kisha akamfuata.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na muuguzi mmoja, Sista Jedida, mwanamke wa Taita aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Kache alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, midomo imekauka, akishika ukingo wa kitanda kila uchungu ulipomjia.

"Ni siku ya pili," Jedida alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto amekaa vibaya, hapiti. Anahitaji kupasuliwa. Gari letu halina magurudumu tangu mwezi wa nane. Lori la mahindi liliondoka jana jioni. Nilipoisikia ndege yenu nilisema, Mungu wangu, asante."

"Mpaka hospitali Malindi ni dakika ishirini na tano," Gerishom alisema. "Mtayarishe."

Alirudi uwanjani mbio, akiwa na furaha kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapo ndipo alipoona askari wawili wa utawala wakipakia makaa.

Magunia mawili ya makaa ya Ganze, yamejazwa mpaka yamefunikwa majani juu, yalikuwa yanasukumwa kwenye sehemu ya mizigo. Mbuzi mmoja aliyefungwa miguu alikuwa tayari yuko sakafuni, mbele ya viti vya nyuma, akilia.

"Hii ni nini?" Gerishom aliuliza.

"Zawadi," Mrakibu alisema. "Wananchi wametoa kwa moyo wao."

Gerishom aliwatazama wananchi, wenye magunia matupu kichwani. Akayameza aliyotaka kusema. "Afande, kuna mgonjwa mahututi, mama mja mzito. Lazima alale kwenye viti vya nyuma, na sista aende naye. Naomba wewe na mgeni mngoje hapa. Ndege itarudi kuwachukua baada ya saa moja na nusu."

Mrakibu alitazama saa yake. "Nina mkutano saa nane. Lakini mimi si mtu mbaya, Sajini. Mgonjwa apande, sista apande, nasi tupande. Tutabanana. Wewe utabaki, utakuja na lori la mahindi likirudi."

"Haitanyanyuka, afande."

"Ilitunyanyua asubuhi."

"Asubuhi tulikuwa wanne bila makaa, na Malindi kuna upepo wa bahari. Sasa ni saa sita kasoro, hakuna upepo, na jua hili..."

"Sajini." Mrakibu aliinua kidole. "Nakupa mgonjwa wako, bado unalalamika. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Gerishom alimgeukia Laban. Rubani alikuwa amesimama kando ya mlango, akifuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Mwambie," Gerishom alisema. "Unazijua hesabu kuliko mimi. Mwambie."

"Tunaweza kujaribu," Laban alisema polepole. "Nitainua kidogo tu, niangalie nguvu. Ikikataa, nitaweka chini."

Wakapanda. Kache aliketishwa badala ya kulazwa, kichwa kwenye kifua cha Jedida, ubavu wake umebanwa na shemeji, miguu imekunjwa juu ya mbuzi. Hakulalamika. Hakuwa na nguvu ya kulalamika. Gerishom aliwasukuma watu nyuma, yeye na mwalimu mmoja na wale askari wawili, mpaka ukingoni mwa uwanja, kisha akageuka kutazama.

Injini ilinguruma. Helikopta ikatikisika, ikainuka kimo cha goti, ikabaki pale ikihema kama mtu aliyebeba gunia lililomshinda. Halafu Gerishom akasikia sauti aliyokuwa akiiogopa. Ndani kulikuwa na king'ora kinacholia pangaboi linapopungua kasi, na kilikuwa kinalia, kikisikika hata nje. Ndege iliteleza upande, kuelekea jiko la shule na watu waliosimama mbele yake. Wanawake wakapiga mayowe wakatawanyika. Laban aliishusha, au ilijishusha yenyewe, ikapiga ardhi kwa kishindo, chuma kimoja kikazama kwenye shimo la mchwa, ikainama kiasi kwamba ncha za pangaboi kubwa zilipita juu ya nyasi kwa kimo cha mtoto. Kisha ikarudi wima, ikatulia.

Gerishom alijikuta amekaa chini. Alisimama, akapitisha mkono mbele ya shingo yake: zima, zima, zima. Laban akazima.

Hakuna aliyeumia. Jedida alikuwa amemkumbatia Kache kwa mikono yote miwili. Mbuzi alikuwa amejisaidia juu ya viatu vya shemeji. Mrakibu alishuka akipangusa vumbi kwenye mabega.

"Rubani," alisema, "umekosea wapi?"

Laban aliibana mikono yake, ile mikono mitulivu, katikati ya mapaja.

"Jaribu tena," Mrakibu alisema. "Safari hii vuta kwa nguvu."

Hapo Gerishom akachoka. Baadaye alipoulizwa kama alikuwa na hasira alisema hapana, hasira ilikwisha muda mrefu, alikuwa amechoka tu, kama mtu anayechoka kurudia jambo moja kwa mtoto. Alitembea hadi kwenye ghala, ambako palikuwa na mizani kubwa ya chuma ya kupimia mahindi ya msaada, ile yenye jukwaa la kukanyaga. Aliwaita wale askari wa utawala, wakaibeba watatu, wakaitua mbele ya helikopta.

"Nini tena hiki?" Mrakibu aliuliza.

"Gunia la kwanza," Gerishom alisema.

Askari walitazamana. Kisha mmoja, yule aliyeuliza kama watu nao wafungwe, akatoa gunia la makaa, akaliweka. Gerishom alisoma kwa sauti yake yote ya mikwaruzo, uwanja mzima ukasikia: "Arubaini na sita!" Gunia la pili: "Arubaini na nane!" Mbuzi: "Ishirini na moja!" Kisha akasimama mbele ya shemeji. "Mzee, tafadhali, panda."

"Mimi?"

"Ni sekunde moja tu."

Labda kwa sababu ya kishindo kile bado alikuwa amezubaa, shemeji akapanda. Gerishom alisogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akaongeza jingine. "Mia moja na kumi na tisa!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokuwa karibu, kikaenea mpaka kwenye miti ya mikanju. Hakikuwa cha ubaya. Walikuwa watu ambao hawakuwa wamecheka kwa muda mrefu. Lakini uso wa Mrakibu ulibadilika.

"Sajini, unamdhalilisha mgeni wangu. Nitakushtaki."

"Nishtaki, afande. Wewe pia panda."

"Ati nini?"

"Kilo zako. Hesabu haijakamilika."

Mrakibu hakupanda. Alimgeukia Laban, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inspekta, washa injini. Hilo ni agizo."

Laban alishuka. Alikuja mpaka kwenye mizani, akaangalia lile jukwaa tupu, akawaangalia Kache na Jedida waliokuwa wamebaki ndani, mlango wazi. Alijilamba midomo.

"Hapana, afande," alisema.

"Unasema?"

"Sitaruka nikiwa na mzigo huu. Nikivuta tena tutaanguka juu ya watu hawa. Nitampeleka mgonjwa na sista, wengine mngoje. Ukitaka mwingine aruke, mtafute." Alisema yote kwa pumzi moja, haraka, kama mtu anayetapika. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Mrakibu alibaki amesimama. Hakukuwa na rubani mwingine kutoka pale mpaka Mombasa, na hilo alilijua.

Walimlaza Kache kwenye viti vya nyuma, kichwa mapajani kwa Jedida. Kadzo alikuja, akashika fremu ya mlango, akasema haachi. Gerishom alimpeleka kwenye mizani bila kubishana. Kilo arubaini na tatu. Gunia lolote la makaa lilimzidi.

"Panda mbele, mama," alisema. "Mkanda huu usiuguse mpaka waseme ushuke. Na ukishuka usipite nyuma. Nyuma kuna nini?"

"Kuna panga."

"Kuna panga. Umeona? Wewe umesikia mara moja tu."

Helikopta iliinuka bila taabu, ikageuka, ikaenda. Gerishom aliisikiliza mpaka sauti yake ikapotea. Tangu lile jaribio la kwanza mpaka wakati huo zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano.

Alibaki pale na Mrakibu, shemeji, mbuzi, na magunia mawili ya makaa, hadi saa tisa Laban aliporudi. Walikaa chini ya baraza la darasa la tatu. Mara moja shemeji aliomba maji, na mwalimu akamweleza kwamba maji ya shule huletwa kutoka umbali wa saa mbili kwa miguu, akamletea nusu kikombe. Shemeji alikitazama kikombe kile kwa muda, akanywa funda moja, akakirudisha.

Kache alipasuliwa saa saba na nusu mchana. Alipona. Mtoto, msichana, alitolewa akiwa hai lakini amechoka mno, akaishi siku mbili. Daktari alimwambia Jedida kwamba mtoto aliteseka muda mrefu sana, kwamba huenda hata wangefika mapema isingesaidia. Jedida alipomweleza Gerishom, alitilia mkazo neno hilo, huenda, kwa wema. Gerishom hakulitaka. Dakika thelathini na tano zile alizibeba kwa miaka mingi.

Alikwenda hospitali mara moja tu. Kadzo alikuwa ameketi kitandani kando ya Kache, akimlisha uji.

"Shikamoo, mama," Gerishom alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenibwaga?"

"Ndiye mimi. Unisamehe."

"Sina la kukusamehe. Kaa." Alimsogezea nafasi. Kisha akauliza, kwa kutaka kujua kweli, ni kwa nini lile panga la nyuma halionekani. Gerishom alimweleza: kasi yake, rangi yake, jua na vumbi. Alieleza kwa dakika kumi, na Kadzo hakumkatiza, na Kache alisikiliza pia macho yakiwa kwenye dari. Hakuna mkubwa aliyewahi kumpa dakika kumi.

Kesi ya nidhamu ilisikilizwa mwezi uliofuata. Gerishom alishtakiwa kwa kumvunjia heshima ofisa wa juu mbele ya raia. Walimuuliza kama ni kweli alimpima mgeni wa serikali kwa mizani ya mahindi. Alijibu kwamba ni kweli, na kwamba kama kulikuwa na mizani ya wageni wa serikali hakuonyeshwa. Hilo halikumsaidia. Laban aliitwa, na bila tabasamu alieleza kila kitu: king'ora, shimo la mchwa, agizo la kujaribu tena. Waliandika, wakamshukuru. Gerishom akapewa onyo kali. Laban akahamishiwa Nairobi, kazi ya mezani. Mrakibu Simeon aliendelea na kazi yake, ila tangu siku hiyo alikwenda Ganze kwa gari, akisema kwamba helikopta zinamuumiza masikio.

Siku ya kuondoka, Laban alikuja uwanjani Malindi na begi lake. Gerishom alikuwa juu ya ngazi, akitia grisi.

"Mzee, unajua kwa nini sikuwa nasema?" Laban aliuliza. "Kila mara nilifikiri, jana iliinuka, leo pia itainuka. Na ikawa inainuka."

"Miezi minane," Gerishom alisema, bila kugeuka. "Miezi minane nimekuambia jambo hilo hilo."

"Najua."

"Kwa maneno hayo hayo."

"Najua, mzee."

Gerishom alishuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akamwangalia kijana yule kutoka utosini hadi miguuni. Alitaka kumkaripia, maneno alikuwa nayo ya kutosha. Akalichukua lile begi badala yake, akalipima kwa mkono.

"Zito," alisema. "Twende, gari la Mombasa halikungoji."